Dodoma hadi michezo ya ufukweni na kurudi siku hiyohiyo: mwongozo kamili kwa familia

Mtoto wa Dodoma anaijua bahari kwa kalenda ya ukutani. Maji mengi aliyowahi kuyaona kwa macho yake ni bwawa la Hombolo, au Mtera kama wazazi wana ndugu Iringa. Ndiyo maana tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na kwetu, Julai 2024, swali mezani lilikuwa moja: "Mama, lini?" Zamani nilikuwa na jibu. Basi linakula siku nzima kwenda, siku nzima kurudi, na katikati utalala kwa nani na watoto watatu? Siku hizi kisingizio hicho kimekufa.

Tumeshakwenda mara mbili. Mara ya kwanza tuliboronga, mara ya pili tukafaidi. Tulikokwenda ni bustani ya michezo ya ufukweni, upande wa kaskazini mwa jiji la Dar, iliyovuma enzi zake na sasa imechakaa: rangi imebabuka, ngazi zimeota kutu, na baadhi ya mashine hazijazunguka siku nyingi. Jina silitaji. Nitakayoyasema yanaihusu bustani yoyote iliyozeekea kwenye upepo wa chumvi. Na mzee si mbovu. Bustani ya namna hii foleni zake ni fupi, miti yake imekua na ina kivuli, na mtoto wa miaka saba haoni kutu, anaona maji. Kuiona kutu ni kazi yako wewe.

Kwanza, hesabu ya saa

Hapa ndipo tulipoanguka mara ya kwanza. Treni inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na mpaka Stesheni ya Magufuli, Dar, unatumia saa tatu na nusu hivi kwa treni ya haraka, saa nne au zaidi kidogo kwa inayosimama vituoni. Ongeza muda wa kuwahi stesheni, kukaguliwa mizigo na kupanga foleni. Ongeza saa moja hadi moja na nusu ya kuvuka jiji la Dar. Yote hayo mara mbili. Ukipanda treni ya alfajiri na kurudi na ya jioni, kinachobaki ndani ya bustani ni saa tano, basi. Kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya kuzilinda hizo saa tano zisiliwe na foleni, na ubishi wa getini, na mtoto anayelia njaa.

Hatua ya 1: Chagua siku, na utazame mwezi

Msimu kwanza. Machi hadi Mei ni masika pwani, usijisumbue. Novemba na Desemba kuna mvua za vuli na joto la kukukaba koo. Juni hadi Septemba ndiyo saa yake: kipupwe, jua lipo lakini upepo wa kusi unalipoza, na likizo ya Juni inaangukia humo humo.

Siku ya wiki: kati ya Jumanne na Alhamisi kama mnaweza kuomba ruhusa kazini. Msiende Idd wala siku ya pili ya Krismasi. Siku hizo Dar nzima iko ufukweni, na bwawa linageuka supu.

Sasa mwezi. Sisi wa bara tunadhani bahari ipo tu, kama mlima. Haipo tu. Inajaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mara ya kwanza tulifika ufukweni tukakuta bahari imekwenda zake, imeacha mchanga na majani yenye tope mpaka mbali kabisa. Mkwe wangu, bibi yao watoto, akatazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ndiyo hii?"

Kanuni ni hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti inapita mita tatu. Kwa pwani ya Dar, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na saa zinageuka, maji yanajaa asubuhi na kupwa jioni. Maana yake kwa familia ya kutoka Dodoma, inayofika saa 5 hivi asubuhi, ni kwamba siku ya bamvua uanze na bustani, bahari uiwekee alasiri inaporudi. Siku ya maji mafu fanya kinyume: kimbilieni bahari kwanza kabla haijaondoka. Kwetu bamvua imetufaa zaidi, maana watoto wakishachoka na slaidi, bahari inakuja yenyewe mpaka miguuni.

Hatua ya 2: Tiketi

Kata mapema, za kwenda na za kurudi siku moja. Usiseme ya kurudi utaikata hukohuko. Jioni ya Ijumaa au Jumapili unaweza kukuta imejaa, ukabaki Dar na watoto waliolowa.

Nauli iliyotangazwa na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, mwaka 2024 kwa treni ya kawaida kati ya Dar na Dodoma ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima na 15,500 kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Walio chini ya hapo hawalipi, ila na kiti hawana. Treni ya haraka ni ghali zaidi. Sisi tulikuwa watu wazima watatu, watoto wawili wa nusu nauli na kitinda mimba wa miaka mitatu wa mapajani: 124,000 kwenda, 248,000 kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo pesa kubwa ya safari hii, na haipungui hata mkila mihogo siku nzima. Kabla ya kulipa, hakikisha nauli na ratiba ya siku hiyo kwa Shirika la Reli (TRC) wenyewe, hubadilika.

Kila mtu mzima awe na kitambulisho: NIDA, leseni, pasipoti au kadi ya mpiga kura. Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho. Beba na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mkubwa wetu ana miaka 11 lakini ana kimo cha kidato cha pili, na mabishano ya umri saa 10 usiku hayana ladha.

Hatua ya 3: Piga simu bustanini

Siku moja kabla, si wiki moja kabla. Bustani kongwe hali yake hubadilika kila siku: leo pampu inafanya kazi, kesho fundi kaitwa. Usiulize "mko wazi?" Watakujibu ndiyo. Uliza hivi:

- Kesho slaidi ngapi zina maji, na za watoto wadogo ni zipi?
- Kuna siku mnafunga bwawa kwa ajili ya kusafisha?
- Kuna waokoaji wangapi majini siku ya kawaida?
- Mtoto wa kimo gani haruhusiwi slaidi kubwa?
- Chakula kutoka nje kinaruhusiwa? Na maji ya kunywa?
- Kiingilio kinabeba michezo yote, au mashine za kuzunguka zinalipiwa mbali?
- Mavazi gani hayaruhusiwi?

Hilo la mwisho si dogo. Mabwawa mengi yanakataa jinzi na fulana za pamba. Pamba inaachia nyuzi zinazoziba vichujio, na ikilowa inakuwa nzito, inamvuta chini asiyejua kuogelea. Kaptura ya nailoni na taiti vinatosha. Mama anayejisitiri atafute vazi la kuogelea la kufunika mwili lenye kitambaa chepesi, yanauzwa Kariakoo na hata kwetu sokoni ukiuliza. Buibui la kawaida halimfai mtu majini, litamfunga miguu.

Hatua ya 4: Mizigo

Mabegi mawili ya mgongoni kwa familia nzima. Mara ya kwanza tulibeba sanduku la magurudumu, nikawa mlinzi wa sanduku siku nzima.

Taulo moja kwa watoto wawili, kanga mbili (kanga ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni mkeka, ni shuka la kumfunikia mtoto kwenye treni), nguo kavu seti moja kila mtu, malapa, kofia, mafuta ya kukinga jua, plasta, pakiti kadhaa za ORS. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kupata rambo la nguo mbichi. Chukua ndoo ndogo yenye mfuniko. Ndani ya ndoo kwenda na maandazi, kurudi na nguo zilizolowa.

Kuhusu jua, nisikilizeni wenzangu wa kanda ya kati. Sisi jua tunalijua, lakini jua letu ni kavu. Ukitoka jasho Dodoma linakauka papo hapo. Dar hewa imejaa maji, jasho linabaki mwilini, mwili haupoi, na mtoto aliyezoea kunywa kikombe kimoja shuleni anaumwa kichwa kufika saa 8. Wanyweshe hata wasipoomba. Na weusi wa ngozi haumzuii mtu kubabuka mabega. Kama mna mtoto mwenye ualbino, mfunike mwili mzima na mkae kivulini kati ya saa 5 na saa 9, bila mjadala.

Hatua ya 5: Alfajiri na treni

Waogesheni usiku. Wavae nguo za kuogelea ndani, za kawaida juu. Dakika 20 za kubadilisha nguo bustanini zimeokolewa.

Fulana za rangi moja kwa watoto wote, rangi ya kupiga kelele. Zetu za chungwa. Piga picha ya kila mtoto asubuhi hiyo akiwa amevaa. Akipotea hutajieleza "alivaa kitu kama bluu". Namba ya simu iandike kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto, kwa ndani, juu ya kiwiko, maana chini itafutika na maji.

Ndani ya treni kaeni kitako, jambo la kusisimua lipo baadaye. Baada ya Gulwe na Kidete, kabla ya Kilosa, reli inapita mahandaki manne milimani. Kama watoto wamelala, waamsheni. Kitu kingine cha kuwashughulisha: chukueni chupa tupu ya maji, ifungeni kizibo sawasawa mkiwa Dodoma, iwekeni dirishani. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari. Treni inaposhuka, hewa ya nje inazidi kuwa nzito, na chupa inaanza kubonyea yenyewe. Kufika Morogoro imeingia mbavu, kufika Dar imekunjamana kama imekaliwa. Mtoto wangu wa kati aliitazama zaidi ya alivyotazama milima ya Uluguru.

Hatua ya 6: Stesheni hadi ufukweni

Kutoka Stesheni ya Magufuli hadi fukwe za Mbezi Beach na Kunduchi ni kilomita 20 na ushee. Njia ya bei nafuu: mwendokasi kutoka Gerezani, ambako si mbali na stesheni, hadi Morocco, kisha daladala ya Tegeta, kisha bajaji. Nimeijaribu na watoto watatu na bibi mmoja. Siirudii. Mkiwa watu wanne au zaidi, kodini Noah moja kwenda na kurudi, mkubaliane bei kabla ya kufungua mlango, na lipeni nusu tu. Nusu nyingine ni ya jioni, ndiyo itakayomleta dereva kwa wakati.

Hatua ya 7: Getini, usilipe kwanza

Mara ya kwanza tulilipa watu sita, tukaingia, tukakuta slaidi mbili kubwa zimefungiwa kamba na dimbwi la watoto wadogo halina hata tone. Kurudishiwa pesa? Karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema hairudi. Ndiyo wakati baba watoto alipokaa chini ya mti na kukataa kuongea kwa nusu saa.

Mara ya pili tuliomba kwa adabu: mmoja wetu aingie dakika kumi kutazama, wengine wabaki getini. Nilimtanguliza bibi na salamu zake. Kwa kawaida yake alimwamkia mlinzi "Mbukwa", na kijana akacheka, akasema, "Shikamoo bibi, mimi wa Kondoa, Kigogo nakisikia kidogo." Mlango ukafunguka. Wakikataa kabisa mtu asitazame, hilo nalo ni jibu. Bahari haina geti.

Hatua ya 8: Ukaguzi wa dakika kumi

Hii ndiyo hatua niliyoandikia mwongozo wote huu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anza na bwawa. Simama ukingoni upande wa kina kirefu, utafute tundu la kutolea maji kule chini kabisa, lile lenye kifuniko chenye matundu madogo. Ukiliona vizuri, kingo zake na vitobo vyake, maji yanafaa. Kama ni kivuli tu unaona, usimwingize mtoto. Si suala la uchafu peke yake: maji usiyoona chini yake, mwokoaji naye haoni aliyezama. Kifuniko chenyewe kiwe kizima na kimekaza. Kikiwa kimevunjika au hakipo, mvuto wa pampu unaweza kushika nywele au mkono wa mtoto. Hapo hamna kujadiliana, ondokeni.

Nusa. Wengi wetu tunaamini bwawa linalonuka dawa kali ndilo safi. Ni kinyume. Ile harufu ya kuchoma pua na macho hutokea klorini inaposhikana na jasho na mkojo. Bwawa linalotunzwa vizuri harufu yake ni hafifu.

Slaidi. Hizi nyingi ni za faibaglasi, vipande vimeungwa kwa boliti. Jua na chumvi vinakula ule ulaini wa juu, nyuzi zinatokeza, na mtoto anashuka na mgongo wenye michubuko kama amekwaruzwa na msasa. Pitisha kiganja kwenye mdomo wa chini na kwenye maungio unayoyafikia. Kipande cha juu kisiwe kimeshuka kuliko cha chini yake, maana ule ukingo ndio unaokata. Na maji yawe yanatiririka kwa wingi mwanzo hadi mwisho. Slaidi yenye maji ya kuchuruzika tu inakwamisha, anayefuata anamgonga aliyekwama.

Kutu sasa. Ufukweni kila chuma kina kutu, ukiogopa kutu yote utarudi Dodoma. Tofautisha. Kutu ya juu, ya rangi ya udongo, inayobaki kidoleni kama vumbi, ni uzee. Kutu inayovimbisha rangi kama lengelenge, au inayotoka vipande kama maganda ya mti, maana yake chuma chenyewe kinaliwa ndani. Tazama pale mguu wa ngazi unapoingia kwenye zege, tazama minyororo ya bembea kwenye pingili ya juu kabisa, inayosuguana siku zote. Ukikuta rangi mpya inang'aa mahali pamoja tu, na kwingine kote ni ya zamani, jiulize wanaficha nini.

Mashine za kuzunguka: ziangalie zikiwa zinafanya kazi na watoto wa wenzio, Mungu anisamehe. Anayeziendesha yupo pale pale kwenye swichi, au anaendesha huku anauza soda? Kila kiti kina kifungo, na pini ya kifungo ipo, au wamefunga waya? Inaposimama, inapunguza mwendo taratibu au inashtuka? Kama haina watu, omba izunguke mara moja tupu. Nilimwambia kijana mmoja, "Kaka, hebu izungushe tuione." Akanijibu, "Dada, hii tangu asubuhi inazunguka." Nikamwambia basi mara moja zaidi haitaidhuru. Aliizungusha. Ililia kama mbuzi anayechinjwa. Tukamshukuru, tukaenda zetu.

Yale majumba ya hewa ya kurukia yanahitaji kamba zilizokazwa kwenye vigingi pande zote. Kusi likivuma kwa nguvu, msipande hata kama kamba zipo. Nyaya za umeme zilizolala kwenye majani mabichi karibu na bwawa, zilizoungwa kwa soltepu, ni sababu tosha ya kubaki upande wa pili wa bustani.

Dakika kumi zimekwisha. Kwetu, siku ile ya pili, hukumu ilikuwa: bwawa kubwa ndiyo, slaidi tatu fupi ndiyo, ile ndefu ya kujikunja hapana, vigari vya kugongana ndiyo, gurudumu hapana. Tuliwaambia watoto orodha hiyo getini, kabla hawajaingia na kuanza kupenda wasichoruhusiwa.

Hatua ya 9: Zamu ya macho

Anayezama hapigi kelele. Kinywa kiko majini, pumzi hana, mikono inakandamiza maji pembeni, kichwa kimelala nyuma, na kwa mbali unadhani anacheza. Inachukua chini ya dakika moja. Mwokoaji ana watoto mia wa kutazama, wewe una watatu.

Tatizo la familia kubwa ni kwamba kila mtu mzima anadhani mwenzake anaangalia. Dawa tuliyoipata ni kofia. Tuna kofia moja nyekundu: aliyeivaa ndiye mwenye zamu, haongei na simu, hali, hasinzii, hajibu salamu za mtu. Dakika 20, kisha anamvika mwenzake kwa mkono, na kusema, "Umeshika?" Mwingine anajibu, "Nimeshika." Bibi hakuwekwa kwenye zamu, ila alijiteua kumsimamia aliyevaa kofia.

Mtoto chini ya miaka mitano awe umbali wa mkono wako ulionyooka, hata kwenye maji ya magotini. Maboya ya mikononi ni mchezo, si kinga: yanachomoka, yanatoboka, na yanamfundisha mtoto kwamba majini watu huelea wima. Slaidi ni miguu mbele, mmoja mmoja, na wa pili asiachie mpaka wa kwanza ametoka kabisa kwenye dimbwi la chini.

Chakula nakipitia haraka. Kuleni mapema, saa 6, kabla jiko halijazidiwa na wateja. Jiko la bustani iliyochoka likizidiwa, chipsi zinachukua saa nzima, na saa nzima ni moja ya zile tano. Samaki wa kukaanga nje ya geti mara nyingi ni mtamu na wa bei nzuri kuliko wa ndani. Hakikisha ni wa moto.

Hatua ya 10: Bahari yenyewe

Saa 8 na nusu tuliwatoa bwawani kwa nguvu, tukaenda ufukweni. Nawashauri mfanye hivyo hata wakilia. Slaidi wataziota miaka yote. Bahari inayorudi ni kitu kingine.

Vaeni malapa yaliyofungwa, mchangani kuna vipande vya chupa na kwenye mawe kuna wale wanyama wenye miiba kama nungunungu. Msiingie zaidi ya magoti ya mtu mzima. Maji yakiwa yanapanda, geukeni kila baada ya dakika chache mtazame vitu vyenu, maana kwenye ufuo ulio tambarare yanakuja upesi kuliko mnavyodhani. Tulipoteza lapa moja hivyo.

Bibi alivua viatu, akasimama pale maji yanapoishia, akainama, akachota kwa kiganja na kuonja. Akatema. Akaonja tena. Kwao Bahi, wazee walikuwa wakichemsha magadi na kukausha chumvi, kwa hiyo kwa chumvi humdanganyi. "Hii kali," akasema, kama mtu anayekubali hoja ya jirani. Kisha akaomba chupa, ile ile iliyokunjamana. Akaijaza, akaifunga kwa nguvu zake zote, akaitia kwenye begi langu. Kwa ajili ya miguu, alisema. Watu wa bara wengi wanarudi na maji ya bahari, msimcheke mtu.

Hatua ya 11: Kurudi

Muondoke bustanini mapema kuliko moyo unavyotaka. Barabara ya Bagamoyo jioni haina huruma, na ujenzi wa njia ya mwendokasi ukiwa unaendelea inabana zaidi. Mwambieni dereva mapema kama anaona afadhali apite Kawe kwa barabara ya Mwai Kibaki. Hesabuni saa mbili za barabarani hata kama asubuhi mlitumia moja. Treni haisubiri, na hadithi ya foleni kule stesheni wameisikia mara nyingi.

Kabla ya kuingia garini waogesheni maji baridi, chumvi na klorini vikikauka mwilini vinawasha usiku kucha. Wavae nguo kavu na nzito kidogo: ndani ya treni kuna kiyoyozi, na Dodoma usiku wa Julai mtoto aliyetoka Dar na kaptura anatetemeka kutoka stesheni hadi nyumbani. Pangeni na mtu wa kuwapokea, au namba ya dereva wa bajaji mnayemjua, kabla simu haijaisha chaji.

Jambo moja la njiani, limetukuta. Kile kilichoibonyeza chupa asubuhi, jioni kinafanya kazi kinyume. Chupa za mafuta, za shampuu, za maji, mlizozifunga pwani, zinavimba treni inapopanda. Ziwekeni wima ndani ya ndoo, pamoja na nguo mbichi. Ya bibi ilikuwa imelala chini ya kanga. Tulipofika nyumbani karibu saa 6 usiku alitaka aioneshe kwa jirani aliyekuja kufungua geti. Kizibo kikatoa "tsss" kama soda, maji yakamwagikia mkononi.

Nguo zisuuzeni maji matupu usiku uleule, mara mbili, bila sabuni kwanza. Zitundikeni. Kwa upepo wa Dodoma, asubuhi zimekauka.